Nakala ya Kyungu

"Sasa unionyeshe, Papa Shefu. Kati ya hawa wawili, njo nani hayuko?"

Mama Emerance alikuwa amewasimamisha wanawe mbele ya meza: vijana wawili wa sura moja na kimo kimoja, Kyungu na Kabange. Kalemie nzima, hata mbuzi wa sokoni, inajua kwamba majina hayo hupewa mapacha, wa kwanza na wa pili. Papa Bonaventure, mkuu wa kumbukumbu za raia, naye alijua. Ila alikuwa ametoka semina Lubumbashi, na mtu aliyetoka semina hawezi tena kujua mambo ya ovyo ovyo.

Kule walimfundisha maana ya rekodi rasmi. Baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa: huyo ni mtu mmoja. Rekodi ya pili ni nakala, na nakala hufutwa. Bonaventure alirudi, akabonyeza kitufe cha kompyuta, na jimbo likapungua watu kabla ya chakula cha mchana. Wakubwa wakampongeza kwa usafi.

"Huyu yuko," alisema, akimnyooshea Kyungu kidole. "Huyo mwingine ni nakala."

Kabange aliinamisha kichwa, kama nakala inavyopaswa.

"Papa, niliwabeba wote wawili," alisema mama. "Kabange amepata kazi kule Kabimba. Wanangoja cheti chake cha kuzaliwa tu. Bila kazi, atasimama namna gani mbele ya wantu?"

"Mashine haikosei, Mama. Pengine ni wewe ulihesabu vibaya siku ile."

Alicheka mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyecheka. Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, Huguette, na kicheko kikamwisha. Binti yao Précieuse, tegemeo lao kule chuoni, alikuwa na mimba, na alikataa katakata kumtaja aliyempa mpaka ukoo wa kijana uje kujitambulisha Jumamosi. Jambo hilo lilimuuma Bonaventure kuliko jino bovu.

"Ametapika tena?" alinong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi barabarani. "Umuambie Précieuse huyo kijana aje! Ataoa, apende asipende. Akikimbia nitamufuata mpaka Manono!"

Alipokata simu, Mama Emerance alikuwa ameacha kubishana.

"Nimesikia, Papa Shefu," alisema kwa upole. "Basi uniandikie tu kwa karatasi, kama Kabange hakuzaliwa. Na muhuri."

Bonaventure alifurahi. Hatimaye raia mwenye akili! Bila shaka angeipeleka karatasi hiyo kwa hakimu, na hakimu angemrudisha nyumbani kwao na kicheko. Akaandika kwa mwandiko wa kujionyesha kwamba mtu aitwaye Kabange, wa baba huyo na mama huyo, hayupo na hakuwahi kuwapo. Akapiga muhuri. Akautazama, akaona umefifia, akapiga wa pili.

Jumamosi alikaa uani ndani ya koti la sherehe, wajomba wamepangwa kulia na kushoto, nyuso zimekunjwa tayari. Maneno makali alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu asubuhi. Précieuse alichungulia dirishani, macho yamevimba kwa kulia.

Lango likafunguliwa. Akaingia Mama Emerance kwa kitenge chake kizuri, na nyuma yake Kyungu peke yake.

Bonaventure alimtambua, akatabasamu kwa kujikaza. "Karibu, Mama. Kumbe njo ninyi! Basi ni huyu Kyungu?"

"Hapana, Papa Shefu. Kyungu amenisindikiza tu." Alipiga goti, akamkabidhi karatasi ile kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Tumekuja kuwapa pole. Aliyemupa Précieuse mimba njo Kabange. Na Kabange, wewe mwenyewe ulituandikia, hakuzaliwa."