Plasta ya Siku Sita

"Ami peke yake hupiga plasta nyumba nzima kwa siku sita, baba kwa kumi na mbili," binti alimsomea mama yake, Itto, hesabu aliyoitunga mwenyewe. "Wakisaidiana je?"

Itto alijumlisha kazi yao ya siku moja pembeni ya daftari. "Robo ya nyumba kwa siku. Basi siku nne."

"Mbona ile nyumba ya mjini Meknes, ami na baba wameimaliza leo, siku ya sita? Kama vile ami alikuwa peke yake!"

Penseli ilimponyoka Itto.

Mumewe akaingia, mikono myeupe mpaka viwikoni. "Plasta imenitoa roho leo, mama watoto."

Itto aliushika mkono ule, akaugusa kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukaonja unga wa ngano.

"Siku sita zote hizi," alinong'ona, "umemkandia nani mkate?"