Sijda Ndefu ya Bi Salme

Tik! Mlio ulitangulia, kisha ukumbi ukajaa mwanga. Bi Salme aliingia bila kupapasa ukuta. Tangu aanguke humo gizani, binti yake alikuwa aking'ang'ania kumhamishia kwake ghorofani. Shamte, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyemfungia taa hizi zinazojiwasha zenyewe mtu akipita.

"Pita tena, shangazi. Tembea kama bibi harusi!"

"Nyoo, mwone!" Bi Salme alicheka, akatandika mswala na kuswali magharibi. Katika sijda ya mwisho, taa ikazimika.

Shamte alingoja mpaka alipotoa salamu. "Hukutikisika, ikadhani hakuna mtu," alisema kwa aibu. "Sijda ndefu hivyo, shangazi, huwa unaomba nini?"

"Nisitolewe nyumba hii."

Shamte aliifungua simu yake, akairefushia taa muda wa kuwaka. "Jaribu tena."

Bi Salme alisujudu, safari hii kwa kushukuru. Akakawia, akakawia. Mwanga ulibaki mgongoni mwake.

Aliinuka, kope zimelowa. "Mimi nimeshajibiwa, mwanangu. Kuanzia leo, katika sijda hiyo nitakuombea wewe."