Bakuli la Tatu

"Umeezeka mno," Bi Tirza alimwambia bintiye Yemima, akitazama juu. "Nyota zitaonekana wapi?"

Jua lilikuwa linazama, na Sikukuu ya Vibanda ilikuwa inaingia. Kila familia ya Kiyahudi pale mjini ingekula uani jioni hiyo, chini ya paa la matawi. Miaka yote paa lao aliliezeka Obadia, mumewe Tirza. Safari hii Obadia alikuwa kaburini, na kazi ilimwangukia Yemima.

"Mvua inakuja, Mama. Sikutaka ulowe."

"Baba yako aliacha mianya makusudi. Alisema tunatoka kwenye nyumba ya mawe ili tukumbuke kwamba hapa duniani hatuna paa." Akapanda juu ya kiti, akachomoa matawi mpaka mbingu ikaonekana.

Giza lilipoingia walibariki divai, na Bi Tirza akapakua supu: bakuli lake, la Yemima, na la tatu mbele ya kiti kitupu. Yemima alilitazama bakuli lile.

Mvua ikaanza. Dini yao inaruhusu: mvua ikiharibu chakula, watu waingie ndani. Majirani waliingia, milango ilisikika ikifungwa. Yemima naye akachukua bakuli lake, akafika mlangoni.

"Mama, basi. Njoo ndani."

"Nenda wewe, mwanangu. Baba yako naye yuko nje."

 Yemima akarudi, akaketi. Mbele ya kile kiti kitupu, bakuli lilikuwa limejaa, na maji yalianza kumwagika mezani.