Nyumba ya Bi Sindano

Kipandio cha tatu kilikuwa na ufa, naye akakiruka bila kuangalia chini, ingawa hakuwahi kukanyaga nyumba ile tangu azaliwe.

Mchoraji akasimama kwenye kipandio cha nne, akashika ukuta. Vipandio saba. Mlango wa kijani uliobanduka rangi kwa chini. Dirisha la jikoni kushoto, kioo kimoja kimezibwa kwa kipande cha boksi. Vyote hivyo alishavichora mara arobaini, kama si hamsini, na kila mara aliambiwa vimetoka kichwani mwa mumewe.

Kwa miaka sita walikuwa wakitoa katuni ya Bi Sindano, fundi cherehani mjane anayenasa wezi kwa kusoma mishono ya nguo zao. Mume aliandika, mke akachora. Hadithi ilimfikia imepigwa taipu, kurasa tatu tatu, bila mwisho. Mume alisema akimwonjesha mwisho mapema, mkono wake utaropoka, sura ya mwizi itajitangaza ukurasa wa kwanza.

Hakuandikia nyumbani. Kelele za sufuria zilimkatia maneno, akasema, kwa hiyo alipanga chumba mjini. Hadithi ikikolea alilala huko huko, siku mbili, siku tatu. Mama mdogo wa mchoraji aliposikia hayo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mwanangu," akamwambia, "kazi yenye kitanda na mswaki si kazi. Hiyo ni nyumba."

Mchoraji alimtetea mumewe mpaka wakanuniana wiki nzima. Angefanyaje? Alikuwa ameacha katuni zake mwenyewe, zilizokwisha kuanza kupendwa, ili achore za mume. Hata jalada lilipotoka na jina la mume peke yake, alimeza. Aliambiwa mchapishaji hataki msururu wa majina, na mume na mke ni kitu kimoja. Huyo mchapishaji hakuwahi kumwona kwa macho. Mume ndiye aliyepeleka kurasa, mume ndiye aliyerudi na sifa. Ndoa ile ikiwa ya uongo, basi na mkono wake umefanya kazi ya uongo miaka sita.

Kilichomtia wasiwasi ni marekebisho. Akiuliza jambo la hadithi, hata dogo, mume hakumjibu papo hapo. "Ngoja nikalale nalo," alisema, akaondoka nalo. Keshokutwa yake alirudi na jibu limenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Dirisha si kulia, ni kushoto. Vipandio si vitano, ni saba, na cha tatu kina ufa. Ukisimama jikoni unaona tangi la maji lenye kutu, na nyuma yake bomba la moshi la kiwanda cha magodoro, limepinda.

Hapo ndipo alipomuuliza, kama utani, nyumba ya kubuni inapataje ufa. Mume alicheka kwa meno tu, macho yakabaki pale pale.

Tangi lile alilijua. Utotoni alilipita kila siku akienda shule. Basi asubuhi hii, mume alipoaga kwamba anapeleka kurasa kwa mchapishaji, mchoraji alisugua wino vidoleni, akajitanda mtandio, akatoka kwa miguu. Alilizunguka tangi polepole, akitazama juu kama mtu anayetafuta ndege, mpaka likakaa sawasawa na linavyokaa kwenye mchoro, bomba nyuma yake, kulia kidogo. Akageuka. Nyumba ilikuwa mgongoni mwake muda wote.

Sasa alipanda vipandio vilivyobaki, akapiga moyo konde, akabisha. Njia nzima alikuwa akinoa maneno. Angeanza na uongo wa mumewe, afuatie miaka aliyopotezewa, amalizie na jambo ambalo hata majirani wangelisikia.

Aliyefungua ni mwanamke wa makamo yake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Nyuma yake, kwenye kamba ya uani, lilianikwa shati la mistari. Kifungo cha juu cha shati lile mchoraji alikishona mwenyewe Jumapili, kwa uzi mweupe, kwa sababu wa buluu ulikuwa umekwisha.

Maneno yote yakamkauka. Likatoka moja, tena la adabu.

"Samahani, dada. Hapa ndipo kwa mwandishi wa Bi Sindano?"

Uso wa mwanamke ukachanua. Akasema ndipo, na kwamba tangu katuni ianze hakuna aliyewahi kuja kuuliza, watu wanasoma tu na kufungia maandazi. Akamvuta ndani kwa mkono, akampa kiti, akasukuma kando makaratasi yaliyojaa meza ili apate pa kuweka bilauri ya maji.

Mchoraji hakuyagusa maji. Akauliza kuhusu lile shati.

"La mume wangu," mwanamke akasema. "Mwaka wa nane huu tuko pamoja. Ametoka asubuhi, ameenda kwa mchapishaji."

Mwaka wa nane. Mchoraji akahesabu, akarudia. Ndoa yake ilikuwa na miaka saba. Kumbe si yeye aliyeibiwa mume. Yeye ndiye aliyekuja nyuma, akapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, akashukuru.

"Nitamngoja," akasema, na sauti yake aliisikia kwa mbali. "Nina swali moja tu la kumuuliza huyo mwandishi, na leo halali nalo. Atanijibu hapa hapa."

Mwanamke akacheka, akashusha miwani machoni, akavuta kiti karibu.

"Uliza basi, mdogo wangu. Mwandishi ni mimi. Mume wangu yeye huchora tu."