Aliyeshika Kamba

Kila mwaka, somo la imani na uongozi likifika, Mwalimu Hashil huwasimulia wanafunzi wake habari za mchimba kisima wa Micheweni.

"Alisimama baada ya sala ya Ijumaa," aliwaambia leo. "Akasema, 'Sisi twatawadha, na wake zetu wavuka mawe kutafuta maji. Tutamjibu nini Mola?' Akachukua sululu, akaenda peke yake. Siku ya saba, wanaume arubaini walikuwa nyuma yake."

Kisima chenyewe kiko nyuma ya darasa. Shehia nzima hunywa hapo. Hashil huja na maji yake kutoka nyumbani.

"Alikufa vipi, Mwalimu?"

Aliyeuliza ni binti wa marehemu, aliyezaliwa baada ya mazishi.

"Alikuwa akipandishwa juu. Kamba ikamponyoka aliyeishika. Kadari ya Mwenyezi Mungu."

"Bibi kanambia uliyeishika ni wewe."

Nje, ndoo iligonga ukuta wa kisima ikishuka.

"Ni mimi," alisema Hashil.

"Na kanambia ilikuwa kamba ya makumbi ya nazi. Ikimponyoka mtu, humchuna viganja mpaka nyama, na kovu lake halifutiki."

Binti alikuja mbele, kwa adabu ile ile ya siku zote.

"Umetufunza kuwa mwenye imani husimama akasema. Samahani, Mwalimu. Naomba tuione mikono yako."

Chaki ilikuwa imeshasagika ndani ya ngumi. Hashil alikunjua vidole, kimoja kimoja. Chini ya ule unga mweupe, viganja vilikuwa laini kama vya mtoto.