Kifurushi cha Mbayuwayu

Zamani Chura alimpenda mno rafiki yake Mbayuwayu, kwa kuwa kila alipokuja, mvua ilikuja naye. Akiondoka, bwawa lilikauka, na Chura akabaki na kiu na upweke.

Mwaka mmoja Mbayuwayu alikuja kuaga. Kwa desturi yao, mgeni haondoki mpaka mwenyeji amfungie masurufu ya njiani.

"Subiri kidogo, mwenzangu, kumbikumbi wako wa njiani hawajakauka," Chura akasema. Kesho yake akasema hivyo hivyo, na kila siku iliyofuata.

Hata hivyo kiangazi kikaingia. Bwawa likawa nyufa tupu, wadudu wakatoweka, Mbayuwayu akakonda.

"Kumbe ulidhani mvua ni yangu?" akauliza. "Dunia imekaa kiupande, ndugu yangu. Ikilizunguka jua, joto huhamia huku, kisha kule, na mvua hulifuata. Hata mimi nalifuata tu."

Chura akalia, akamfungia kifurushi papo hapo. Mbayuwayu akaruka akipepesuka.

Msimu uliofuata mvua ilirudi kwa wakati wake, bila Mbayuwayu. Mpaka leo, ikianza tu kunyesha, utamsikia Chura akimwita na kumwita kwamba kifurushi kiko tayari.