Kifuniko cha Tangi

Kabureta ilikuwa safi. Fundi alikuwa ameiosha mara tatu. Bado jenereta ya kinyozi iliwaka vizuri, ikanguruma nusu saa, kisha ikakata roho. Kinyozi alikwishasema: leo ikishindikana, atatafuta fundi mwingine.

Fundi akachomoa mpira wa mafuta. Petroli ikachuruzika, ikawa matone, ikakoma, ilhali tangi limejaa pomoni. Akafungua kifuniko achungulie. Fyuu! Tangi likavuta pumzi, na petroli ikamiminika tena.

"Kumbe ulibanwa pumzi, maskini," akanong'ona.

Akageuza kifuniko. Kitundu cha kupitishia hewa, chembamba kama tundu la sindano, kilikuwa kimezibwa kwa kitu chekundu kinachong'aa. Akakigusa. Rangi ya kucha.

"Umeona ugonjwa, fundi?" Mke wa kinyozi alikuja, akamwekea chai. Kucha zake ziling'aa wekundu uleule. "Maana tangu ianze kuzimazima, baba watoto anakula mchana nyumbani. Tunapiga soga mpaka mbavu zinaniuma kwa kicheko."

Fundi alitazama kikombe, akatazama kifuniko. Akakirudisha mahali pake, akakikaza.

"Bado natafuta, shemeji."